Muulize Mgeni Maswali Matatu, Jina na Namba Achana Navyo

Tangu likizo ya Disemba iishe malalamiko yanayotufikia ni ya aina moja. Mgeni amelala Diani siku mbili, amerudi zake Nairobi, kufungua simu anajikuta ndani ya grupu la WhatsApp na watu asiowajua, kila asubuhi ofa ya boti, ofa ya chumba, na tangazo lenyewe ni picha yake akiogelea. Ukimuuliza mwenye gesti anakwambia nilikuwa nafanya risechi ya wateja. Jamani, hiyo si risechi.

Risechi yenyewe tunaitaka, tena sana. Malindi na Watamu wamezoea Mwitaliano, lakini tangu treni ya SGR ianze 2017 wengi wanaoshuka Miritini, kituo cha Mombasa, ni watu wa bara na watoto wao, na wanachotaka ni kitu kingine kabisa. Utakijua vipi? Uliza matatu tu: ulitujua kupitia wapi, nini kilibaki kidogo kikufanye usije, na kitu gani ulikitafuta hapa ukakikosa. Usiulize "umefurahia?" maana mtu begi liko mkononi na tuktuk inamngoja nje, atasema nini kama si ndio. Uliza siku ya pili wakati wa chai, au weka karatasi na kiboksi, na karatasi isiwe na jina wala namba, kwa hivyo hapo huna data ya mtu yeyote na hakuna wa kukusumbua.

Halafu wale walioulizia bei wakanyamaza, hao ndio dhahabu na hakuna anayewahesabu. Rudi kwenye meseji zako uandike kila mmoja aliachia wapi: kwenye bei, kwenye deposit, au aliuliza atafikaje Diani bila kungoja feri Likoni ukamjibu kesho yake. Wengi tunaokaa nao wanapunguza bei kumbe shida ilikuwa hilo la mwisho.

Sasa sheria, na hapa msome polepole. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na kanuni za kusajili wanaotunza taarifa za watu ni za 2021. Ati "mimi nina vyumba vinne tu, hiyo ni ya makampuni makubwa". Hapana. Biashara yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 inasamehewa kusajiliwa, ILA sekta ya ukarimu imo kwenye orodha ya wanaolazimika kusajiliwa hata wakiwa wadogo. Mwongoza watalii katolewa kwenye orodha hiyo, lakini hajatolewa kwenye sheria, tunarudia, hajatolewa kwenye sheria. Ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, cheti kinadumu miezi 24, kuhuisha ni 2,000. Taarifa za wageni zikivuja na kuna hatari ya kuwadhuru, una saa 72 kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Faini ya Kamishna inafika milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo, na mbali na hiyo yapo makosa ambayo mahakama inaweza kukupiga faini hadi milioni 3 au kifungo hadi miaka 10 au vyote viwili. Mwaka 2023 baa moja Nairobi iliamriwa kulipa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, kwa hivyo msidhani ni vitisho.

Namba aliyokupa kwa ajili ya buking ni ya buking. Ukitaka kumtumia ofa muombe ridhaa wazi, na kila ujumbe uwe na njia ya kujitoa. Picha ya mtoto, ridhaa ni ya mzazi.

Na mlioshaunda magrupu, msiombe ruhusa ndani ya grupu hilohilo, humo kila mmoja anaona namba ya mwenzake, yaani umeshazigawa. Toa watu wote, funga grupu, na mwenye malalamiko mjibu kwa maandishi kabla hajafika kwa Kamishna.