Mafundisho Jamii ya Kanisa ni nini? Maelezo kutoka nchi ya mkonge

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani, huku Muheza mkoani Tanga, anaikumbuka hadi leo namba ya baba yake. Baba huyo alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akapewa namba, na msimamizi akimtaka aliita namba. Ndiyo asili ya neno "manamba". Kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa cha siku 30: kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulitoka kikijaa. Jina lake alilisikia jioni, kambini, kwa wenzake.

Naanza na habari hiyo kwa sababu wengi wakisikia "Mafundisho Jamii ya Kanisa" hudhani ni mambo ya mapadre na semina. Kumbe ni mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu namna ya kuishi pamoja: kazini, sokoni, serikalini. Waraka unaohesabiwa kuwa chimbuko lake ni Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, wa mwezi Mei 1891. Alitetea ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi, na haki yake ya kuungana na wenzake katika vyama. Miaka miwili tu baadaye, 1893, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika pwani yetu. Kati ya 1,000 iliyosafirishwa, 62 ndiyo iliyofika hai, na humo ndimo yalimotoka mashamba yaliyowaita manamba.

Muhtasari wa mafundisho haya uliotolewa Vatican mwaka 2004 unataja kanuni nne: utu, mafao ya wote, auni na mshikamano.

Utu ndio mzizi. Binadamu ameumbwa kwa sura ya Mungu, kwa hiyo heshima yake haitokani na cheo, elimu wala nguvu za kufanya kazi, na haiishi akizeeka au akikosea. Ukikubali hilo, ujira wa haki hauwezi kuitwa fadhila ya tajiri.

Mafao ya wote ni yale mazingira yanayomwezesha kila mtu na kila kundi kustawi: maji, usalama, shule, sheria inayofuatwa. Wapo wanaosema "mafao ya wengi". Mimi nashika "wote", maana wengi wanaweza kunufaika na barabara huku mjane mmoja akinyang'anywa shamba bila fidia.

Mshikamano Papa Yohane Paulo II aliufafanua mwaka 1987: si huruma ya kupita, ni nia thabiti ya kuwajibika kwa ajili ya wote, kwa kuwa kila mmoja anawajibika kwa mwenzake.

Iliyobaki ni auni, na hii ndiyo isiyoeleweka sana. Auni ni msaada. Kumuauni mtu ni kumsaidia. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931: jambo linaloweza kufanywa na watu wa chini wenyewe, wakubwa wasiwapokonye. Kazi ya mkubwa ni kuwategemeza pale nguvu zao zinapokoma. Sisi tunaiona kila wiki. Paa la nyumba ya mzee likivuja, jumuiya inapanda na makuti. Akivunjika nyonga, makuti hayasaidii kitu. Habari inakwenda kigangoni, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, kisha parokiani, na hospitali ya serikali nayo ina wajibu wake.

Kinyume chake nimekiona pia. Mfadhili mmoja alitufungia pampu ya maji bila kuuliza mtu. Ilipokatika mpini, kijiji kizima hakikuwa na spana ya kuifungulia, wala fundi aliyewahi kuonyeshwa ndani yake. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo, pampu ikiwa pale pale inang'aa. Fedha zilikuwapo, na moyo mwema ulikuwapo.

Ndiyo maana Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2009 kwamba auni na mshikamano visitenganishwe. Mshikamano bila auni unamgeuza mtu kuwa wa kupokea tu, kama sisi na ile pampu. Na auni bila mshikamano ni mkubwa kuwaambia wanyonge "jitegemeeni" kisha akafunga mlango. Pampu ilitengenezwa baada ya kijiji kuchagua kamati ya maji, kila kaya ikachanga, na halmashauri ikamleta fundi aliyekaa siku mbili akiwafundisha vijana wawili wa hapa kuifungua na kuifunga.