Tangazo la upadrisho si kadi ya mwaliko

Msimu wa upadrisho, yaani ibada ya Kanisa Katoliki ya kumfanya shemasi kuwa padre, ukikaribia, ofisi za miito (zinazowasimamia vijana wanaotaka kuwa mapadre) na za maparoko hupokea malalamiko ya namna mbili. Ya kwanza huja kabla: michango imezidi. Ya pili huja baada: “Huyo mliyempa upadre sisi tunamjua.” Haya ya pili ndiyo yaliyotusukuma kuandika, maana anayeyaleta mara nyingi alikuwepo kanisani tangazo liliposomwa. Alinyamaza. Akachangia, akala pilau, ndipo akakumbuka.

Shemasi, yaani aliye ngazi ya mwisho kabla ya upadre, anapoombewa daraja (cheo kitakatifu) ya upadre, jina lake husomwa parokiani kwa sababu maalumu. Kanuni ya 1051 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamruhusu Askofu kutumia matangazo kama njia mojawapo ya kumchunguza mwombaji. Kanuni ya 1043 inakwenda mbele zaidi: mwamini anayejua kizuizi anawajibika kukifichua kwa Askofu au kwa Paroko kabla ya daraja kutolewa. Anawajibika, hatumwombi hisani. Daraja ikishatolewa kihalali haifutiki. Padre anaweza kuzuiwa kutoa huduma, anaweza hata kupoteza hali ya ukleri, lakini upadre wenyewe unabaki. Kabla ya siku ile Askofu anaweza kusema “bado” na kijana akaendelea na maisha yake vizuri. Baada ya siku ile neno hilo halipo tena.

Sasa, kizuizi ni nini? Si kila umbeya wa mtaani. Kanuni za 1041 na 1042 zimeorodhesha, na baadhi ya yaliyomo ni haya: ugonjwa wa akili ambao wataalamu wamethibitisha kwamba unamfanya mtu asiweze kutoa huduma ipasavyo, kuiasi imani, kuua kwa makusudi, kusababisha utoaji mimba, kujaribu kujiua, kuadhimisha kama padre wakati mtu si padre, kuwa na mke, kuwa mbatizwa mpya ambaye Askofu hajaona kuwa amekomaa vya kutosha. Kuhusu mimba watu hufikiri jambo linamhusu mwanamke peke yake. Sheria inamhusisha kila aliyeshiriki kikamilifu, na kijana aliyetoa hela ili mimba itolewe anaangukia hapo. Kuondolewa kizuizi hicho kumewekwa mikononi mwa Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa, hata kama jambo lilifanyika sirini. Na anayepokea daraja huku akificha kwa makusudi kizuizi cha namna hii anasimamishwa papo hapo, kwa kanuni ya 1388 kama ilivyorekebishwa mwaka 2021, bila kusubiri hukumu ya mtu yeyote.

Mengine tunayoletewa si vizuizi. Kuzaliwa nje ya ndoa kulikuwa kizuizi katika sheria ya zamani ya mwaka 1917. Sheria ya sasa haina kitu hicho, na ingefaa wazee wa jumuiya waache kuwatisha vijana nacho. Babu kuwa mganga si kizuizi. Kuwa mtoto wa pekee wa kiume si kizuizi, ingawa ukoo una haki ya kulia. Kuwa na mtoto hakumo kwenye orodha, ila ni jambo zito ambalo Askofu lazima alijue mapema, kwani mtoto huyo ana haki zake kwa baba yake.

Utaratibu wa kutoa taarifa ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Andika barua. Taja jina lako, parokia na jumuiya yako, namba ya simu, ulichokiona wewe mwenyewe, wapi na lini. Kama kuna mwingine anayejua, mtaje. Funga bahasha na umkabidhi Paroko mkononi, au ipeleke ofisi ya Askofu. Barua isiyo na jina haitupwi, lakini inatufunga mikono: hatuna wa kumuuliza swali la pili. Kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali pake kabisa. Anayemsingizia mwenzake kosa mbele ya viongozi wa Kanisa, au kumchafulia jina bila haki, naye ana adhabu yake katika kanuni ya 1390.

Mwanzoni mwa ibada ya upadrisho Askofu huuliza kama mwombaji anajulikana kuwa anastahili. Anayejibu hushuhudia kwamba watu wa Mungu wameulizwa, na walezi wake wametoa maoni yao, ndipo akaonekana anastahili. Vigelegele hufuata. Waliopiga vigelegele ndio walioulizwa, na jibu lile lina uzito uleule wa ukweli waliousema au kuunyamazia.

Tukiwa kwenye ibada: kinachomfanya mtu kuwa padre ni Askofu kumwekea mikono kichwani na sala ya kuwekea daraja inayofuata. Papa Pius XII aliliweka wazi hilo mwaka 1947. Kuvikwa stola na kasula (mavazi ya Misa), kupakwa mafuta matakatifu ya Krisma mikononi, kupewa patena (sahani ya mkate wa Misa) na kikombe, vyote huja baadaye na hufafanua kilichokwisha kutendeka. Kuwekewa mikono hufanyika kwa ukimya. Wapiga picha ambao hapo hukimbilia madhabahuni na taa zao, huku kwaya ikitafuta wimbo wa kujaza pengo, wanaharibu dakika ambayo familia imeisubiri tangu kijana alipoingia Visiga au seminari nyingine ndogo. Pengo hilo limewekwa kwa makusudi.

Misa ya shukrani nyumbani nayo ina matatizo yake. Kamati huchapa vijitabu mapema na kuchagua masomo yanayopendeza kuhusu wito. Iwapo Misa inaangukia Dominika ya Majilio, Kwaresima au Pasaka, au sherehe kubwa, masomo na sala ni za siku hiyo na hazibadilishwi. Dominika za kawaida pia hubaki na masomo yake, isipokuwa Askofu ametoa ruhusa. Muulizeni Paroko kabla ya kulipa mchapishaji.

Katika maandamano ya vipaji leteni mkate, divai, sadaka, na vitu vya maskini au vya kanisa. Mbuzi, kochi na ufunguo wa gari ni zawadi za padre. Zitolewe ukumbini au nje kwenye turubai. Shukrani za baada ya komunyo ziwe fupi: parokia nyingi za Dar es Salaam zina Misa tatu au nne kila Dominika, na waamini wa Misa inayofuata wanasubiri juani. Mshereheshaji aanze kazi yake baada ya baraka ya mwisho.

Kuna rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, kwa padre anayeadhimisha Misa ya kwanza kwa shangwe katika siku iliyopangwa, na kwa waamini wanaoshiriki kwa ibada. Masharti ni ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kujitenga na dhambi yoyote, hata ndogo. Watu hupigana vikumbo kugombea baraka ya padre mpya wakiamini ina nguvu kuliko ya Paroko wao. Haina. Kwenye foleni ya kitubio, ambako rehema hiyo inahitaji mtu apitie, pana nafasi tele.

Kuhusu michango: hakuna ada ya upadrisho. Sakramenti haiuzwi, na anayeitoa au kuipokea kwa kununua anapata adhabu chini ya kanuni ya 1380. Mnachochangia ni sherehe, kwa hiyo ukubwa wake uamueni ninyi. Ukipokea ujumbe wa “tuma mchango wa Padre kwa namba hii”, hakiki kwa mweka hazina wa parokia kabla ya kutuma. Namba ya kitapeli iripoti kwenda 15040. Fahamuni pia kwamba padre wa jimbo huahidi useja na utii, haweki nadhiri ya umaskini, hivyo zawadi aliyopewa yeye binafsi ni yake. Padre wa shirika la kitawa mwenye nadhiri hiyo hupokea kwa niaba ya shirika lake. Gari lenu huenda likaendeshwa na mwingine, na hakuna aliyewadhulumu.

Mwisho, familia zikague majina. Mwombaji hutakiwa kuleta cheti cha ubatizo kipya kilichoandikwa kutoka daftari la parokia alikobatizwa. Kile cha zamani kilichopigwa laminesheni hakionyeshi yaliyoongezwa pembeni mwa daftari baada ya kipaimara. Daraja ikishatolewa, taarifa hurudishwa kwenye daftari hilohilo. Kama huko ameandikwa kwa jina la babu, kwenye kitambulisho cha NIDA yuko kwa jina la baba, na vyeti vya shule vina jina la tatu, barua za kurekebisha huchukua muda, hasa parokia ikiwa mikoani. Zianzeni akiwa bado frateri, yaani mwanafunzi wa seminari kuu.