Walii ni nani, na je, Uislamu una watakatifu?

Hili swali nililetewa na jamaa mmoja tunafanya naye kazi, Mkatoliki wa Umoja, alikuwa ndo ametoka Namugongo kwa ile hija ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, si unajua venye basi hujaa kutoka Nairobi hiyo wiki. Tuko kwa chai ya saa nne akaniuliza, "Sasa nyinyi Waislamu, watakatifu wenu ni kina nani?" Nikamjibu haraka haraka, hatuna. Halafu hilo jibu likanisumbua siku nzima, juu enyewe haukuwa ukweli wote. Nyanya yangu wa Majengo, hapo Pumwani, hakuwahi kupanda basi ya Mombasa bila kufunga sarafu zake kwa ncha ya leso, za kutoa sadaka kwa lile kaburi la Mackinnon Road, njiani kwenda Mombasa. Sasa kama hatuna, huyo aliyelala Mackinnon Road ni nani?

Kesho yake nikamtafuta tukaongea vizuri. Nimeona niyaandike hapa yote, manake hata sisi wenyewe Waislamu wengi tunachanganya.

Neno letu ni walii, wakiwa wengi ni mawalii, na ukisikia sheikh akisema awliyaa ni hao hao. Usishangae kusikia pia walii wa bi harusi, yule baba ama mjomba anayemwozesha, juu mzizi ni mmoja kwa Kiarabu, maana yake ni ukaribu: mtu wa karibu, rafiki, mlinzi, anayesimama upande wako. Kwa hivyo walii wa Mwenyezi Mungu ni kipenzi chake, mtu aliye karibu naye. Hapo tayari ushaona tofauti. Mtakatifu kwa Kiswahili ni mtu aliyetakata, msafi, hana doa. Sisi utakatifu wa namna hiyo ni sifa ya Mungu, yeye ndo Al-Quddus, yaani Mtakatifu. Binadamu hatumwiti hivyo. Tunasema yuko karibu, na aliye karibu anaeza kukosea akatubia. Waliolindwa na madhambi ni manabii, walii hana hiyo dhamana.

Na hii si maneno ya kubuniwa na watu wa twarika, zile njia za Kisufi, baadaye, iko kwa Qur'ani wazi kabisa. Surat Yunus, aya ya 62 na 63, inasema vipenzi vya Mwenyezi Mungu hawana hofu wala hawahuzuniki, halafu inawaeleza ni kina nani: wale walioamini na wakawa wacha Mungu. Basi. Imani na ucha Mungu, hakuna sharti la tatu, hakuna kabila, hakuna ukoo, hakuna kuelea hewani. Ndo maana Imam Tahawi, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 933 na kitabu chake cha itikadi bado kinasomeshwa mpaka leo, aliandika kwamba waumini wote ni mawalii wa Mwingi wa Rehema, na mtukufu zaidi kati yao ni yule anayetii zaidi na kufuata Qur'ani zaidi. Mimi hiyo sentensi naipenda sana. Inamaanisha uwalii ni kama ngazi, kila muumini yuko mahali fulani juu yake, wengine wako chini kabisa kama sisi na wengine wamepanda mpaka hatuwaoni.

Wanapandaje? Kuna hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume nje ya Qur'ani, iko kwa kitabu cha hadithi cha Bukhari, imepokewa na Abu Huraira, nadhani ndo msingi wa hii mada yote. Mwenyezi Mungu anasema atakayemfanyia uadui walii wake, basi ametangaza naye vita. Halafu anaeleza njia: mja hajikurubishi kwake kwa kitu anachokipenda zaidi kuliko yale ya faradhi, halafu anaendelea kujikurubisha kwa sunna mpaka Mungu anampenda, na akishampenda anakuwa ndo masikio yake anayosikia nayo, macho yake anayoona nayo, mkono wake, mguu wake, na akiomba anampa. Wanavyuoni wanasema maana yake ni kwamba viungo vyake vinaongozwa, si ati Mungu anaingia ndani ya mtu, hapana, hiyo itakuwa kufuru. Lakini angalia mpangilio: inaanza na faradhi. Ni swala tano, ni kufunga, ni zaka, vitu vya kawaida vinavyofanywa kila siku na mama mboga wa Gikomba na dereva wa matatu ya Eastleigh.

Jamaa yangu akauliza, sasa nani anaamua kwamba huyu ni walii? Hapa ndo tunaachana na Wakatoliki kabisa. Wao wana utaratibu, na ni utaratibu mrefu: mtu amekufa, kwa kawaida inapita miaka mitano, askofu anaanzisha uchunguzi, maisha yake yanachambuliwa, unatafutwa muujiza, anatangazwa mwenye heri, halafu muujiza mwingine ndo anatangazwa mtakatifu na Papa. Wakenya tuliona hatua moja yake Nyeri tarehe 23 Mei 2015 wakati Sista Irene Stefani, yule waliyemwita Nyaatha, alipotangazwa mwenye heri. Sisi hatuna ofisi kama hiyo. Hakuna Papa, hakuna kamati, Kadhi Mkuu hana mamlaka ya kumtangaza mtu walii na hata sheikh mkubwa aje hawezi kutoa cheti. Watu ndo huona mtu, uchaji wake, elimu yake, dua zake, wakaanza kumwita walii, sifa ikaenea kizazi hadi kizazi. Ni dhana nzuri tu kuhusu mtu, ya yakini anayo Mungu peke yake.

Hivyo ndo walijulikana kina Rabia al-Adawiyya wa Basra, mwanamke, karne ya nane, maarufu kwa kumwabudu Mungu kwa mapenzi badala ya kuogopa moto ama kutamani pepo. Hivyo ndo Abdulqadir al-Jilani wa Baghdad, aliyefariki 1166, ambaye twarika ya Qadiriyya inamfuata na Wasomali wengi wa Eastleigh wamelelewa wakisikia kasida zake. Na hapa kwetu Habib Swaleh wa Lamu, aliyetoka Ngazija, kisiwa cha Komoro, akasomesha kila mtu, hata watu wa asili ya utumwa ambao wakubwa wa mji hawakutaka wakae kwa darasa moja na watoto wao. Msikiti wake wa Riyadha uko mpaka leo, na kila Maulidi ya Lamu ikifika watu wanatoka hadi Nairobi, na siku ya mwisho wanaenda ziara kwa kaburi lake. Mimi ukiniuliza kilichomfanya awe walii nitakwambia ni hiyo kusomesha wanyonge kuliko kitu kingine chochote.

Sasa karama. Jambo la ajabu likitokea kwa nabii tunaita muujiza, likitokea kwa walii tunaita karama, na Sunni wanakubali karama zipo. Qur'ani yenyewe inazo: Maryam alikuwa anakutwa na riziki ndani ya mihrabu yake na hakuwa nabii kwa kauli ya wengi, vijana wa pangoni walilala miaka 309 wakaamka wazima. Hata Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, ambaye watu humchukua kama adui wa mawalii, aliandika wazi kwamba karama za mawalii ni sehemu ya itikadi ya Sunni. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema Masalafi, wale wanaoshikilia njia ya vizazi vya kwanza vya Uislamu, hawaamini mawalii, amekosea.

Ila karama si kipimo. Hii ningependa ishike sana mtu wa Nairobi, juu tumezungukwa na karatasi zimebandikwa kwa nguzo za stima, mtaalamu kutoka sijui wapi, anarudisha mpenzi, anashika mwizi, na wengine wanavaa kanzu na kutaja aya ndo uwaamini. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndo yanafuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, husimuliwa kwamba alisema ukimwona mtu anatembea juu ya maji ama anaruka hewani, usidanganyike mpaka umpime kwa Qur'ani na Sunna. Mambo ya ajabu yanaeza kufanywa na mchawi pia. Na mtu akijitangaza mwenyewe ati yeye ni walii halafu anataka pesa ndo akuombee, hiyo peke yake inatosha umkimbie.

Turudi Mackinnon Road. Baada ya Voi, kabla ya Mariakani, kando ya barabara na reli, kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyefanya kazi kwa ujenzi wa reli, ile iliyojengwa kati ya 1896 na 1901. Inasemekana akibeba karai la udongo lilikuwa haligusi kichwa, linaelea juu yake. Hiyo ni simulizi ya watu, hulazimiki kuiamini na hutoki kwa dini ukiikataa. Miaka na mikaka madereva wamesimama hapo, Waislamu na wasio Waislamu, wakaswali ama wakatoa kitu.

Na hapa ndo ugomvi wote uko, si kwa kuwepo kwa mawalii, ni kwa kile unachofanya ukifika kaburini. Kuzuru makaburi yenyewe ni sunna, Mtume alikataza mwanzo kisha akaruhusu, na ukimtolea maiti salamu ukamwombea dua hakuna mtu atakusumbua, ndivyo tunafanya hata pale makaburi ya Kariokor. Kumwomba aliyelala ndani akupe mtoto ama akuponye, hapo umetoka kwa njia, juu dua ni ibada na ibada ni ya Mungu. Surat Zumar aya ya 3 inawakemea waliosema hatuwaabudu hawa ila watusogeze tu karibu na Mungu.

Kati ya hizo mbili kuna kitu kinaitwa tawasuli, kumwomba Mungu mwenyewe lakini kwa kumtaja mtu mwema, na wanavyuoni hawajakubaliana. Ushahidi unaotajwa sana ni wa Sayyidna Umar, khalifa wa pili baada ya Mtume, ukame uliposhika akamwomba Mungu mvua kwa Abbas, ami yake Mtume. Upande mmoja unasema mnaona, tawasuli ya watu ipo. Upande mwingine unasema angalieni vizuri, Abbas alikuwa hai na yeye ndo aliomba dua, Mtume alikuwa ameshafariki na Umar hakwenda kaburini kwake. Hadithi moja, masomo mawili, na wote ni Waislamu wanaoswali safu moja msikiti wa Jamia. Kwa Mashia neno lenyewe lina uzito mwingine, wilaya (si ile ya serikali, ni neno la mzizi huo huo wa walii) kwao ni uongozi wa Imam Ali na Maimamu baada yake, hiyo ni mada inataka nafasi yake.

Kinachoniuma ni vile hilo tofauti limegeuzwa nyundo. Timbuktu, huko Mali, mwaka 2012 makaburi ya mawalii yalibomolewa kwa mitaimbo, na mmoja wa waliohusika akahukumiwa miaka tisa na mahakama ya ICC mwaka 2016. Somalia Al-Shabaab wamefukua makaburi ya masheikh wa Kisufi. Ukiona kosa kwa mzee anayebusu ukuta wa kaburi, mweleze, msomeshe, kaa naye. Hadithi niliyotaja juu inasema vita ni kwa anayemfanyia uadui walii, na wewe mwenye nyundo hujui huyo mzee mbele yako ni nani kwa Mungu.

Nyanya yangu mimi nilimuuliza siku moja, wewe ukifika pale unamwomba nani? Akaniangalia kama nimemtusi. Akasema anamsomea yule mtu Fatiha juu yuko mbali na kwao Uhindini na hana mjukuu wa kumwombea, halafu anamwomba Mungu amfikishe Mombasa salama, na sarafu ni za maskini.

Jamaa yangu akataka nimpe jina moja, la walii ambaye hakuna Mwislamu atakayembishia. Nikampa Uwais al-Qarani. Kisa chake kiko kwa kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim. Aliishi Yemen zama za Mtume, na Mtume alimtaja kwa jina, akawaambia masahaba huyo mtu ana mama anayemfanyia wema, na mkiweza kumpata awaombee msamaha, mwambieni afanye hivyo. Miaka ikapita, Umar akawa khalifa, kila kikosi kikija kutoka Yemen anauliza, Uwais yuko kwenu? Mpaka siku akampata, mtu wa kawaida tu, alikuwa na ugonjwa wa ngozi ukapona ukabaki alama kama ukubwa wa dirhamu. Khalifa akamwomba amwombee dua, akamwombea. Umar akamuuliza unaenda wapi, akasema mji wa Kufa, huko Iraq. Akamwambia wacha nikuandikie barua kwa gavana wa huko. Uwais akakataa, akasema anapenda zaidi kukaa na watu wanyonge wasiojulikana. Baadaye habari ilipofika Kufa na watu wakaanza kumjia awaombee, akaondoka.