Pensheni na nyumba za umma: nani hasa analipa?

Kila msimu wa Bajeti mjadala hurudi palepale. Wastaafu wanalia na kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao yao), wapangaji wanalia na bei za nyumba, na mlipakodi anauliza kwa nini yeye awabebe wote. Ubishi hauishi kwa sababu kila upande unazungumzia fedha yake, huku wote wakiiita "fedha ya Serikali".

Tuanze na pensheni. Mtumishi wa umma Tanzania Bara huchangia PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 baada ya kuunganishwa PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwake, na mwajiri huongeza asilimia 15. Wa sekta binafsi yuko NSSF, ambako jumla ni hiyohiyo asilimia 20, kwa kawaida nusu kwa nusu. Fedha hiyo ni ujira wake aliocheleweshewa, na kuiita msaada ni kumkosea. Tofauti na huyo, wapo wastaafu wa zamani wanaolipwa moja kwa moja na Hazina, ambao utaratibu wao haukuwa wa kuchangia. Hao ndio wanaolipwa kwa kodi ya mwaka husika.

Sasa kikokotoo chenyewe. Kanuni iliyoanza Julai 2022 huchukua wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya kumi ya mwisho, ikazidisha kwa miezi ya uchangiaji, ikagawa kwa 580. Jibu ni pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake huzidishwa kwa 12.5 na kutolewa kama mkupuo, yaani fedha ya mara moja anapostaafu, na inayobaki hulipwa kila mwezi hadi kifo. Sehemu hiyo ya mkupuo ilikuwa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani (PSPF na LAPF), na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Mfano: mwalimu aliyekuwa PSPF, wastani wa mshahara shilingi 1,200,000, michango ya miezi 400. Mshahara wa mwaka ni 14,400,000. Zidisha kwa 400, gawa kwa 580, unapata 9,931,034. Mkupuo wa asilimia 40 ni 49,655,172, na pensheni ya mwezi ni 496,552. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF kigawanyo kilikuwa 540, kizidisho 15.5 na mkupuo nusu, tena kwa mshahara wa mwisho. Hata tukiuacha mshahara uwe uleule, angepata mkupuo wa 82,666,667 na pensheni ya 444,444 kwa mwezi.

Hapa ndipo maelezo mengi rasmi yanapoteleza. Mstaafu huambiwa mkupuo umepungua lakini pensheni ya mwezi imeongezeka, kwa hiyo hajapoteza. Ongezeko ni shilingi 52,108 kwa mwezi, upungufu ni takriban milioni 33. Kulifidia pengo hilo, hata bila kuhesabu riba ambayo mkupuo ungezaa, kunahitaji zaidi ya miaka 52. Aliyestaafu na miaka 60 angekuwa na 112. Ukweli ni kwamba mafao ya kundi hilo yalishushwa, na heri kulisema hivyo kisha kueleza sababu.

Sababu yenyewe ina mashiko. Kabla ya 1999 watumishi wa Serikali hawakuchangia. PSPF ilipoanza, ilibeba ahadi ya miaka yao yote ya kazi, ilhali michango ya miaka ya nyuma haikuwapo, na Serikali iliyopaswa kuilipia ilichelewa kwa miaka mingi. Mfuko ukawa unalipa wastaafu wa leo kwa michango ya wafanyakazi wa leo. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilitoa hatifungani (hati ya deni) isiyo taslimu ya takriban shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF. Hatifungani ya namna hiyo haiingizi fedha mfukoni siku ileile: inaligeuza deni lililokuwa la mdomo kuwa la maandishi, lenye riba na tarehe ya kulipwa. Kwa hiyo kodi ya leo inalipa pensheni, naam, ila inalipa deni la jana.

Kwa mwanachama mmojammoja, kinachouma zaidi ya kanuni mara nyingi ni miezi iliyopotea. Mwajiri amekata mchango lakini hakuuwasilisha, au umeingia kwa jina lisilolingana na la kitambulisho cha Taifa (NIDA), au barua ya ajira ya kwanza haimo kwenye jalada. Yule mwalimu akipungukiwa miezi 24, mkupuo unashuka kwa karibu 2,979,000 na pensheni kwa karibu 29,800 kila mwezi, maisha yake yote. Omba taarifa ya michango kila mwaka, ilinganishe na hati za mshahara, na dai pengo ungali kazini, maana mwajiri akishafunga ofisi ushahidi unakuwa mgumu kuupata.

Pensheni ya kijamii ni jambo jingine kabisa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichangia mfuko au la, maskini au tajiri. Kiwango kimeshapandishwa hadi 50,000. Hesabu yake ni nyepesi: kila wazee 10,000 hugharimu bilioni 6 kwa mwaka. Wanaopinga husema tajiri naye anapata. Wanasema kweli, lakini kumchuja tajiri kunataka maofisa, fomu, uhakiki wa nyumba kwa nyumba na rufaa, na anayeenguliwa kimakosa huwa ni bibi asiye na mtu wa kumsemea. Kwa kiwango kidogo namna hii, kuchuja hakuna faida kubwa. Bara hakuna pensheni ya wazee wote. Mzee maskini hufikiwa kupitia kaya yake iliyoandikishwa TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini.

Nyumba zina tatizo la kinyume: ruzuku yake haionekani kwenye kitabu cha Bajeti. Chukua Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa, Wakala wa Majengo (TBA) ukajenga upya, maghorofa yakafunguliwa Machi 2022. Bei iliyotajwa ilikuwa takriban milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja na milioni 56 kwa ya vyumba viwili. Tuseme nyumba ya milioni 48 inapangishwa. Fedha hiyo ikiwekwa kwenye hatifungani inayolipa asilimia 10, ingezaa 400,000 kwa mwezi. Mpangaji akilipa 100,000, ruzuku ni 300,000 kila mwezi, sawa na Pensheni Jamii ya wazee sita. Na hapo thamani ya kiwanja, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, bado hatujaigusa.

Pengine ruzuku hiyo ni halali kabisa. Kaya zile zilikuwa na madai yao. Hoja ni kwamba haipigiwi kura. Pensheni Jamii hutajwa kwa jina lake kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, ilhali kodi ya pango iliyo chini hujificha ndani ya hesabu za mwenye nyumba.

Hatari inazidi mwenye nyumba anapokuwa mfuko wa pensheni. Mradi wa Dege, Kigamboni, wa NSSF na mbia wake, ulipangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, ukasimama 2016 maghorofa yakiwa magofu ya zege. Nyumba ya mfuko ikiuzwa kwa bei ya huruma, au isipouzwa, hasara ni ya wanachama. Serikali ikitaka mfuko ujenge nyumba za bei nafuu, ilipe tofauti ya bei kutoka Hazina, iiandike, ijadiliwe.

Kuna gharama moja ambayo husahaulika hadi majengo yanapoanza kuchoka: pampu za maji, lifti, mabomba ya majitaka, rangi. Ghorofa bila mfuko wa matengenezo huanza kwa maji kutofika juu, na mstaafu wa ghorofa ya nane ndiye wa kwanza kubeba ndoo. Anayekabidhiwa ufunguo aulize siku hiyohiyo: mchango wa matengenezo ni kiasi gani kwa mwezi, unatunzwa akaunti ipi, na nani anasaini hundi.