Vita ya mchana wa jua: namna ya kusoma picha za askari

Askari ameketi juu ya sanduku la risasi, uso umejaa povu la sabuni, kioo kidogo kimeegemezwa kwenye magunia ya mchanga. Anajinyoa. Nyuma yake mwenzake anacheka, na shati lililofuliwa linaning'inia kwenye waya. Sisi tunaotunza picha kwenye hifadhi za nyaraka tumezoea kupokea albamu zilizojaa picha za aina hii, na anayezileta huwa kama anaona haya, kwamba humu hamna vita, ni watu wanafua na kula tu.

Vita imo humo. Sehemu kubwa ya maisha ya askari ni kungoja: kuchimba, kubeba, kupanga foleni ya chakula, kucheza karata, kutafuta chawa kwenye mishono ya nguo. Mpiga picha wa gazeti au wa serikali alitumwa kutafuta mizinga na majenerali. Askari mwenyewe alipiga kilichokuwa mbele yake, na mbele yake palikuwa na sufuria, punda, mbwa wa kikosi na rafiki aliyelala mdomo wazi.

Hata hivyo, kabla hujaziamini, ijue kamera yenyewe. Mwaka 1912 kampuni ya Kodak ilitoa Vest Pocket, kamera iliyojikunja ikaingia mfukoni. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, nchini Uingereza ilitangazwa kama kamera ya askari, na hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 1926 zilikuwa zimeuzwa takriban milioni 2. Filamu yake ilitoa picha 8 tu, tena ilihitaji mwanga mwingi. Lakini doria, mashambulizi mengi na kazi ya kutengeneza seng'enge vilifanyika usiku au alfajiri. Na hata mchana, mkono ule ule hauwezi kupiga picha na kupiga risasi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukifungua albamu hizi utadhani vita ilipiganwa na watu waliopumzika juani. Huo si uongo wa mpiga picha. Ni saa aliyoruhusiwa na mwanga, na pia na adui.

Kuanzia 1915 kamera hizo zilikuwa na kimlango mgongoni: ulifungua, ukaandika kwa kijiti cha chuma juu ya karatasi iliyofunika filamu, ukaacha mwanga uingie kidogo, na maandishi yako yakatokea ukingoni mwa picha. Jina la mahali, tarehe, basi. Kwa mtunza nyaraka hiyo ni zawadi kubwa, kuliko hata sura zilizomo.

Wakubwa wa jeshi hawakufurahi. Tarehe 8 Januari 1915 gazeti la Daily Mirror la London lilichapisha ukurasa wa kwanza picha ya askari wa Uingereza na wa Ujerumani wamesimama pamoja, wakati wa mapumziko ya Krismasi ya 1914 ambayo wenyewe walijipangia kwenye mstari wa mbele. Ilipigwa na askari. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza lilikaza marufuku ya kamera binafsi kwenye mstari wa mbele wa magharibi, huko Ufaransa na Ubelgiji, na picha za namna hiyo zikapungua. Zikapungua, hazikuisha, kamera ya mfukoni ni rahisi kuificha.

Jambo jingine ni kwamba picha hizi zilikuwa barua. Mama anayeona mwanawe ananyolewa, amenenepa kidogo, anatabasamu, atalala usingizi. Kwa hiyo uliza kila mara: picha hii ilipigwa ili nani aione? Zile ambazo hazikukusudiwa nyumbani zilikaa kwenye pochi, na hizo ni ngumu kutazama. Askari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili walipiga picha za watu walionyongwa na makaburi ya halaiki, wakati mwingine kwenye filamu ile ile yenye picha za kuogelea mtoni. Nyingi zilipatikana kwa askari hao walipotekwa au kuuawa.

Mwaka 1995 taasisi ya utafiti ya Hamburg ilitumia picha za namna hiyo katika maonyesho kuhusu uhalifu wa jeshi la Ujerumani. Mwaka 1999 yalisimamishwa, kwa kuwa baadhi ya picha zilikuwa na maelezo yasiyo sahihi. Baadhi ya maiti zilizoonekana zilikuwa za watu waliouawa na polisi wa siri wa Kisovyeti. Tume ya wanahistoria ilikuta kwamba kati ya picha zaidi ya 1,400, zisizostahili kuwemo hazikufika 20, na hoja kuu ya maonyesho ilibaki imara. Lakini hizo chache zilitosha kuyafunga. Binafsi naona kosa lilikuwa la kawaida kabisa katika kazi yetu: mtu aliamini maelezo ya chini ya picha kuliko kugeuza picha na kutazama mgongo wake.

Basi kama nyumbani kwenu kuna albamu ya namna hii, usizibandue picha ili kuzipanga upya kwa tarehe. Mpangilio ni wa aliyekuwepo, na picha iliyo jirani mara nyingi ndiyo inayoeleza. Piga picha ya kila ukurasa mzima kwanza. Ukijua jina la mtu, liandike kwa penseli laini kwenye karatasi ya pembeni; wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili. Na ukikuta pengo, pembe nne za gundi bila picha katikati, usilijaze. Mtu fulani aliitoa kwa mkono wake, na kama bado yupo wa kuulizwa, anza naye hapo.