Kusomea kazi ya kuwasaidia wenye ulemavu wa akili: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kazi hii inataka moyo tu, kusomea ni kupoteza muda."

Vijana wengi hapa Dar huambiwa hivi. Moyo unahitajika, sikatai, lakini mwenye huruma asiye na ujuzi humfanyia mtu kila kitu na kumnyima nafasi ya kujifunza. Chukua mtoto anayejifunza kufunga kifungo cha shati. Aliyesomea huigawa kazi hiyo: kushika kifungo, kutafuta tundu, kusukuma, kuvuta upande wa pili. Mwanzoni hufanya hatua zote mwenyewe, ila ya mwisho, kuvuta, humwachia mtoto. Akiiweza, anaachiwa mbili za mwisho, kisha tatu, hadi aanze mwenyewe. Hivyo kila zoezi linaishia mikononi mwake.

Hata kunyamaza kunafundishwa. Ukiuliza swali, mpe muda wa kulitafakari. Sisi wengine huwa tumeshamjibia.

"Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni kitu kimoja."

Hapana. Ulemavu wa akili huanza utotoni na hugusa kujifunza na kumudu shughuli za kila siku. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwa mfano, ni ugonjwa, humpata yeyote na hutibika. Mwenye ulemavu wa akili naye anaweza kuugua sonona, na msaidizi asiyejua tofauti atasema "ndivyo alivyo", huku mwenzetu anateseka.

"Ni kazi ya walimu tu."

Walimu wa elimu maalum wapo, na Chuo cha Patandi kule Arusha kinajulikana kwa kuwaandaa. Ila wanahitajika pia maofisa ustawi wa jamii, wanaosomea Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, hapa hapa jijini, na wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, wanaofundishwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi.

"Hawa ni watoto siku zote."

Dhana hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Wanabalehe, wanapenda, wanataka hela yao mfukoni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya elimu na ajira. Dada wa miaka 28 aulizwe anataka kuvaa nini. Afundishwe kupanda daladala: kutambua rangi ya mstari wa gari lake, kumpa konda nauli, kusema "shusha". Kwanza mkae pamoja, kisha ukae viti viwili nyuma, baadaye umsubiri kituoni. Wazazi wakisita, wasikilize, maana hofu yao ina sababu, kisha mkubaliane hatua ipi ianze.