Alikuwa Akitafuta Nini Alipomuumiza Mwenzake?

Kijana akishapora au kumchoma mwenzake kisu, watu wazima humuuliza: "Kwa nini umefanya vile?" Hujibu "Sijui," na mara nyingi hasemi uongo. Mimi ni mshauri nasaha wa vijana wa aina hii hapa Pemba, na swali ninaloanza nalo ni jengine: ulipofanya vile, ulikuwa unatafuta nini?

Mwaka 1990 wataalamu wa Kanada walieleza kanuni ambazo hadi leo ni nguzo ya urekebishaji: nguvu nyingi ziende kwa mwenye hatari kubwa ya kurudia, yashughulikiwe yale hasa yanayomsukuma kwenye uhalifu, na afundishwe kwa namna anayoweza kuipokea. Kanuni hizo bado nazifuata. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanasaikolojia Tony Ward wa Nyuzilandi aliona pengo ndani yake. Mtu ukimtajia kila siku mambo ya kuacha, hujampa la kulifuata. Akajenga kile ninachokiita Modeli ya Maisha Mema. Anasema aliyedhuru anatafuta yaleyale tunayoyatafuta sote: kuwa na watu wake, kuwa stadi wa jambo, kujiamulia, utulivu wa moyo, starehe, imani. Njia yake ndiyo mbovu.

Chukua kijana wa miaka 16 wa Chake Chake. Nimemuunga kutokana na wengi, si mtu mmoja. Ameacha skuli, baba kaoa kwengine, na usiku yeye na wenziwe wanapora simu kwa kisu. Faili lake limejaa makosa. Mimi nataka kujua simu ile ilimpa nini. Pesa, ndiyo, na nusu alimpelekea mama. Pia ilimpa kundi linalomwita kwa jina, na kwa mara ya kwanza watu wakamuogopa, naye akadhani ndiyo heshima.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo wengi wanapokosea wakadhani tunamsifia. Tunatazama mpango wake wa maisha umevunjika wapi. Njia ya kupata heshima ni ya kudhuru. Maisha yake yamebana, yote yamo ndani ya kundi lile, hamna kucheza, hamna kujifunza. Anayoyataka yanagongana: anataka mama amuonee fahari, na anachompelekea ni cha wizi. Halafu kuna uwezo: akitukanwa hana anachojua ila kurusha mkono, na hata akitaka kazi hana wa kumfungulia mlango.

Kisha tunauliza anajua nini. Huyu tangu mdogo alikuwa akikaa na mjomba wake ufukweni, anajua kukalafati dau, yaani kuziba nyufa zake maji yasiingie. Basi tunamtafuta fundi wa vyombo mwenye subira. Kwa fundi atapata ustadi, mtu mzima wa kumtegemea, na kitu cha halali cha kumpelekea mama. Jioni, saa zile kundi linapomwita, apangiwe mazoezi ya mpira au darsa. Na kila wiki tunafanya naye zoezi la kutukanwa: kuhisi kifua kinavyopanda, kusimama, kuondoka barazani. Mwenye kupenda mambo ya mitambo tunamtazamia nafasi ya mafunzo ya amali, yaani ya ufundi, kule Vitongoji hapa Pemba.

Nasikia sana, "Nyinyi mnawadekeza." Kumdekeza ni kumwacha. Kijana huyu ana masharti, ana saa ya kurudi nyumbani, na ana mtu anayemfuatilia. Jambo moja nalikataa katakata: kuwakusanya vijana wakorofi mahali pamoja na kuita hayo malezi. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walionesha kwamba baadhi ya programu za makundi ziliongeza ukorofi, kwa sababu vijana walikuwa wakishangiliana kwa habari za uovu wao. Kijana mkorofi mchanganye na wenzake wanaotulia.

Na aliyeumizwa? Huku kwetu suluhu huja haraka. Wazee wanakaa, pesa inatolewa, watu wanapeana mikono, na yule aliyechomwa kisu hakuulizwa neno. Mimi nataka aulizwe kwanza, akiwa peke yake au na amtakaye, na akisema hataki kumuona kijana yule, iwe basi. Kesi za udhalilishaji wa kijinsia ni za polisi na mahakama, familia zisizizime kwa mahari wala kwa radhi.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, ina mahakama ya watoto na inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mwaka 2015 ilipewa tuzo ya kimataifa ya sera bora. Sheria peke yake haimpati fundi. Ushahidi nao niseme wazi: utafiti unaonesha zaidi kwamba modeli hii huwafanya vijana washiriki na wasikimbie programu, lakini ushahidi kwamba peke yake inapunguza kurudia makosa bado unakusanywa. Ndiyo maana naifunga pamoja na kanuni za 1990.

Tunachokosa zaidi ni mafundi. Wa madau, wa honda, wa kushona, wa useremala. Fundi anayeweza kumpokea kijana mmoja, huku sisi tukimfuatilia kijana huyo, amuone sheha wake au afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake.